Somo la 14: Kalibu ya Faibaglasi kwa Ajili ya Madigadi ya Gari

Shabaha ya somo hili

Mwanakisomo, ukimaliza somo hili utaweza:
(a) kueleza kalibu ni nini na faibaglasi ni nini;
(b) kutaja hatua za kutengeneza kalibu ya madigadi;
(c) kupima rezini na hadina kwa hesabu sahihi;
(d) kuyalinda macho yako, mapafu yako na watoto wako.

Soma sehemu moja moja. Usikimbilie mwisho. Kama neno ni gumu, tazama orodha ya maneno mapya iliyo mwishoni.

1. Bakuli la ugali

Sisi wa Kitangari tunakula ugali wa muhogo. Mama anaposonga ugali huchukua bakuli, akalilowesha kwa maji, akatia ugali ndani, kisha akaupindua juu ya sahani. Ugali hutoka ukiwa na umbo la bakuli. Kama bakuli ni laini, ugali ni laini. Kama bakuli lina ufa, ugali nao huonyesha ule ufa.

Bakuli hilo ni kalibu. Kalibu ni chombo kinachokipa kitu kingine umbo. Fremu ya mbao ya kufyatulia matofali ni kalibu. Kikaango cha vitumbua ni kalibu pia.

Sasa jiulize: kwa nini mama hulilowesha bakuli kwanza? Kwa sababu bakuli kavu hung'ang'aniza ugali. Maji ndiyo yanayouachanisha ugali na bakuli. Likumbuke jambo hili, kwa maana katika kazi ya faibaglasi ndilo linaloharibu kazi za watu wengi.

2. Madigadi iliyooza

Barabara zetu zina vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Magari yanayokwenda Newala, Masasi na Mtwara hurushiwa mawe na matope kila siku. Matope hujikusanya nyuma ya madigadi. Bati hushika kutu, likatoboka, likaanza kupiga kelele. Mwenye gari hana budi kuagiza madigadi nyingine kutoka mbali, au kubandika kiraka juu ya kiraka.

Katika darasa letu wapo vijana wanaofanya kazi ya gereji. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hivi madigadi haiwezi kutengenezwa hapa hapa nyumbani?"

Inaweza. Lakini kazi hiyo ina hatari zake. Ndiyo sababu tumeiandikia somo zima.

3. Faibaglasi ni nini?

Faibaglasi ni vitu viwili vilivyoungana. Cha kwanza ni nyuzi nyembamba za kioo. Nyuzi hizo hushikamanishwa zikawa kama mkeka mweupe. Cha pili ni rezini. Rezini ni maji mazito yanayofanana na asali, na yana harufu kali. Ukiyachanganya na dawa iitwayo hadina, yanaganda na kuwa magumu.

Ukiujenga ukuta wa udongo bila fito, ukuta utapasuka. Ukisimamisha fito bila udongo, upepo utapita. Fito na udongo vikiungana, nyumba inasimama. Vivyo hivyo nyuzi za kioo ni fito, na rezini ni udongo.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1953 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilianza kuuza gari liitwalo Corvette. Bodi yake yote ilikuwa ya faibaglasi. Mwaka ule wa kwanza yalitengenezwa magari 300 tu. Kule Ujerumani Mashariki, kuanzia mwaka 1957 hadi 1991, watu walitengeneza gari dogo liitwalo Trabant. Wao hawakutumia nyuzi za kioo. Walitumia nyuzi za pamba zilizogandishwa kwa rezini, kwa sababu bati lilikuwa adimu kwao. Kwa hiyo watu waliokosa bati walitumia akili. Hapa Afrika Mashariki faibaglasi hutumika kutengenezea boti, matangi na vipande vya mabasi.

4. Neno la mzee mchonga vinyago

Siku niliyofundisha sehemu hii, mzee mmoja mchonga vinyago alicheka. Alisema, "Mwalimu, hiyo ni kazi ya lipiko. Mimi nachonga uso nje, na ndani nachimba ili kichwa cha mchezaji kiingie na kitoke. Nikichimba vibaya, kichwa kitaingia lakini hakitatoka."

Nikamwambia, "Babu, leo wewe ndiwe mwalimu."

Maneno ya mzee ni kweli. Tazama chungu chenye shingo nyembamba. Ukijaza udongo ndani ukaacha ukauke, hutautoa bila kukivunja chungu. Lakini bakuli lina mdomo mpana kuliko kitako, na kila kitu hutoka. Kalibu lazima iwe kama bakuli. Kama madigadi ina sehemu zilizojikunja kwa ndani, kalibu itengenezwe kwa vipande viwili au vitatu vinavyofungwa pamoja kwa bolti na nati. Wakati wa kutoa kipande, bolti hufunguliwa na kalibu huachana yenyewe.

5. Kwanza soma habari hii

Kabla ya kufundisha hatua za kazi, nitawaeleza nililoliona kwa macho yangu.

Nilikwenda kutazama kazi hii katika gereji moja, mbali na hapa. Fundi alikuwa hodari. Alikuwa anamimina hadina kutoka kwenye chupa kubwa, bila miwani. Tone moja likaruka likaingia jicho la kulia. Akapiga kelele, "Maji! Nileteeni maji!" Kijana wake akakimbilia dumu. Dumu lilikuwa tupu. Akakimbia nyumba ya pili. Walikuwa wamefunga mlango. Maji yalipatikana baada ya dakika nyingi, tena kidogo, katika kikombe.

Fundi yule bado anafanya kazi. Lakini anatazama kwa jicho moja.

Hadina ina nguvu ya kuunguza. Ikiingia jichoni, kinachoweza kuliokoa jicho ni maji safi, tena mara moja, tena mengi. Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema amepona.

Sisi wa nyanda za juu za Makonde tunajua thamani ya ndoo moja ya maji. Wakati mwingine tunaifuata mbali, au tunainunua. Kwa hiyo pengine utasema, "Nitaitumia ndoo hii kupikia, nitajaza nyingine kesho." Usifanye hivyo. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni hii: kama hakuna ndoo mbili zilizojaa maji safi karibu na wewe, leo hakuna kazi.

6. Kanuni sita za usalama

Kanuni ya 1. Ndoo mbili za maji safi ziwepo. Zisiguswe kwa shughuli nyingine.

Kanuni ya 2. Vaa miwani ya kazi inayofunika macho yote, glovu, na nguo ya mikono mirefu. Vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi. Likikushika, jioshe kwa maji baridi, usijikune. Wewe uliyewahi kubangua korosho unajua mafuta ya ganda yanavyounguza mikono. Rezini na hadina uziheshimu hivyo hivyo.

Kanuni ya 3. Fanya kazi nje, chini ya kivuli, mahali panapopita upepo. Usifanye chumbani wala jikoni. Mvuke wa rezini una kitu kiitwacho stairini. Huumiza kichwa na kulevya. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani walisema kuwa yamkini stairini huleta saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke huo. Inatakiwa barakoa yenye chujio la mkaa. Wakati wa kupiga msasa inatakiwa barakoa ya kuzuia vumbi. Mama mjamzito na watoto wasikae karibu.

Kanuni ya 4. Moto uwe mbali. Mvuke wa rezini unaweza kushika moto hata katika joto la nyuzi 31 tu, na joto la namna hiyo tunalipata hapa kwetu. Usivute sigara. Mafiga yasiwe na moto karibu na hapo.

Kanuni ya 5. Hadina isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Haina rangi, inafanana na maji. Mtoto mwenye kiu hatauliza. Iache katika chupa yake, mahali pa baridi na giza, chini ya kufuli. Na makopo au madumu ya rezini, asetoni na hadina yasitumike kuchotea maji hata yakioshwa mara kumi. Yatoboe ili mtu asiyachukue.

Kanuni ya 6. Baadhi ya rezini huuzwa pamoja na dawa ya tatu, ya rangi ya zambarau au buluu, iitwayo kobalti. Kobalti na hadina zisikutane peke yake hata tone moja. Zikikutana hulipuka. Nunua rezini ambayo kiwandani imekwisha kutiwa kobalti. Muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha. Hadina ikimwagika, ifunike kwa mchanga uliolowa maji. Usiipanguse kwa maranda ya mbao. Matambara yaliyogusa hadina yatumbukize ndani ya maji.

7. Hatua za kutengeneza kalibu

Hatua ya kwanza: Kuandaa mfano.
Mfano ni kile kitu tunachotaka kukinakili. Chukua madigadi nzima isiyopinda. Kama ina mbonyeo, jaza pati, ikauke, piga msasa. Anza na msasa mkavu wa namba 400, maliza na msasa wa maji wa namba 1000 au 1200, kisha ing'arishe. Kama umeipaka rangi, ngoja ikauke kabisa kwa siku kadhaa. Rangi mbichi huliwa na rezini. Ziba matundu yote kwa udongo laini wa mfinyanzi au nta. Kumbuka ugali: ufa mdogo wa mfano utaonekana katika kila madigadi utakayoitoa.

Hatua ya pili: Kutengeneza ukingo.
Lala mfano juu ya ubao laini. Zunguka kingo zake kwa vibao au plastiki ngumu yenye upana wa sentimita 5. Huo ndio utakuwa mdomo wa kalibu. Bila mdomo, kalibu hulegea na kuvunjika pembeni.

Hatua ya tatu: Kupaka nta.
Hapa ndipo mama anapolowesha bakuli. Paka nta ya kuachanishia kwa kitambaa laini, ngoja ikauke kama maelezo ya kopo yanavyosema, kisha futa mpaka ing'ae. Rudia. Kwa mfano mpya paka mara 5 au 6, tena ngoja kama saa moja kati ya mara moja na nyingine. Usihesabu kwa kukisia. Chora mstari ubaoni kila unapomaliza. Baada ya nta, paka dawa ya kuachanisha inayoyeyuka katika maji. Ikikauka huwa kama ngozi nyembamba.

Mimi mwenyewe nilipojaribu kazi hii mara ya kwanza nilipaka nta mara mbili, nikasema inatosha. Kalibu ilishikana na mfano. Nilivunja vyote viwili, na fedha yangu ikaenda na takataka. Haraka haraka haina baraka.

Hatua ya nne: Kupaka jelikoti.
Jelikoti ni rezini nzito yenye rangi. Ndiyo ngozi ya kalibu. Changanya na hadina, paka kwa brashi laini, kila mahali sawasawa. Ngoja. Gusa kwa kidole chenye glovu. Ikiwa inanata lakini haikiachi kidole kikiwa na rangi, paka mara ya pili. Ngoja tena mpaka ifike hali ile ile.

Hatua ya tano: Kulaza mkeka.
Kata mkeka mwepesi wa gramu 300 kwa kila mita moja ya mraba. Paka rezini iliyochanganywa na hadina juu ya jelikoti, laza mkeka, kisha gongagonga kwa brashi mpaka weupe wa mkeka upotee. Pitisha rola ndogo ya chuma kutoa hewa. Kipovu cha hewa kikibaki, siku moja kitapasuka. Tabaka hili la kwanza liachwe peke yake ligande mpaka kesho yake.

Siku ya pili, kwaruza kidogo kwa msasa, kisha laza matabaka mawili ya mkeka wa gramu 450. Siku ya tatu laza mawili mengine. Usilaze yote kwa siku moja. Rezini inapoganda hutoa joto. Matabaka mengi pamoja hupata joto kupita kiasi, na kalibu hupinda. Unene wa kalibu uwe karibu mara mbili ya unene wa madigadi yenyewe.

Hatua ya sita: Kufunga mbavu.
Kabla ya kuitoa kalibu, tengeneza fremu ya mbao au bomba nyembamba mgongoni mwake. Ishike kwa vipande vya mkeka na rezini. Fremu ni kama mbavu na miguu. Bila hiyo kalibu itapinda ukiihifadhi.

Hatua ya saba: Kungoja na kutoa.
Usiwe na pupa. Acha kalibu juu ya mfano kwa siku kadhaa. Wiki moja ni bora zaidi. Kisha chomeka kabari za mbao au plastiki pembeni, kidogo kidogo, kuzunguka pande zote. Usitumie bisibisi wala chuma, vitakwaruza. Mimina maji kidogo kwenye upenyo. Yale yatayeyusha dawa ya kuachanisha. Gonga polepole kwa nyundo ya mpira. Utasikia sauti ya kitu kinachoachana. Hapo furahi.

Osha kalibu kwa maji, ing'arishe, ipake nta tena mara 5 au 6. Sasa iko tayari. Madigadi yenyewe hutengenezwa ndani ya kalibu kwa njia ile ile: nta, jelikoti, tabaka moja la mkeka wa gramu 300, na matabaka mawili ya gramu 450.

8. Hesabu ya hadina

Rezini na hadina hupimwa kwa mizani. Soma karatasi ya muuzaji kwanza. Kwa kawaida hadina ni kati ya gramu 1 na gramu 2 kwa kila gramu 100 za rezini.

Rezini gramu 100: hadina gramu 1 hadi 2.
Rezini gramu 250: hadina gramu 2 na nusu hadi 5.
Rezini gramu 500: hadina gramu 5 hadi 10.

Siku ya joto kali tumia kiasi cha chini. Siku ya baridi na ukungu, kama ile tunayoiona hapa mwezi wa Julai asubuhi, tumia kiasi cha juu. Lakini usishuke chini ya gramu 1 kwa gramu 100. Ukishuka, rezini haitaganda vizuri hata ukingoja mwezi mzima.

Usichanganye zaidi ya gramu 500 kwa mara moja. Mchanganyiko hukupa muda wa dakika 10 hadi 20 tu, kadiri ya joto la siku. Ukiuona unaanza kuwa kama uji mzito, umekwisha. Usiutumie. Kopo likianza kutoa moshi, lipeleke nje juu ya mchanga, mbali na watu na nyasi, uliache lipoe.

9. Hesabu ya faida

Tuseme madigadi yetu ina eneo la nusu mita ya mraba.

Kalibu inahitaji:
Jelikoti: nusu kilo.
Mkeka: kilo 1.
Rezini: kilo 2 na nusu.
Jumla: kilo 4.

Madigadi moja inahitaji:
Jelikoti: gramu 300.
Mkeka: gramu 600.
Rezini: gramu 1,400.
Jumla: gramu 2,300, yaani kilo 2.3.

Ukitengeneza madigadi moja tu, umetumia kilo 4 za kalibu na kilo 2.3 za madigadi. Jumla ni kilo 6.3 kwa madigadi moja. Ni hasara. Bora ununue ya bati.

Ukitengeneza madigadi 10, umetumia kilo 4 za kalibu na kilo 23 za madigadi. Jumla ni kilo 27. Gawa kwa 10. Kila moja imechukua kilo 2.7. Sasa kuna maana.

Kwa hiyo usianze kwa kununua rezini. Anza kwa kalamu. Hesabu ni magari mangapi ya aina moja yanayopita hapa. Waulize wenye magari kama watanunua. Andika majina yao na ahadi zao. Andika bei ya rezini, mkeka, jelikoti, nta, glovu, miwani na barakoa, pamoja na nauli ya kuvileta. Ndugu, zamani ulikuwa unahesabiwa na watu wengine. Sasa unajua kuandika. Jihesabie mwenyewe.

Tena kumbuka: kalibu ya madigadi ya kushoto haitoi madigadi ya kulia. Upande wa kulia unataka kalibu yake.

10. Visivyotengenezwa kwa njia hii

Faibaglasi ya nyumbani ifunike gari. Isibebe gari. Usitengeneze kwa njia hii kitu kinachoshika breki, usukani, viti, mikanda ya usalama au chesisi. Ukibadilisha bampa, usikiondoe chuma kilicho nyuma yake. Chuma hicho ndicho kinachopokea kishindo. Abiria wako ni mtoto wa mtu.

11. Fanya jaribio kwanza

Usianze na madigadi. Chukua bakuli moja kuukuu la bati ambalo halitatumika tena jikoni. Lipake nta, jelikoti, mkeka mara mbili. Likitoka salama, umefuzu darasa la kwanza. Lisipotoka, umepoteza bakuli moja, hukupoteza madigadi.

Pia usifanye peke yako. Fanyeni kazi wawili au watatu: mmoja anapima, mmoja anapaka, mmoja anaangalia maji na watoto. Mkitaka mafunzo zaidi, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi Mtwara. Chuo cha VETA nacho kipo Mtwara. Nendeni mkiwa na daftari lenye hesabu zenu. Mtu mwenye hesabu husikilizwa.

12. Mwisho

Baada ya somo hili bibi mmoja aliyekaa nyuma aliniuliza, "Mwanangu, mimi sina gari wala gereji. Somo hili lanihusu nini?"

Nikamjibu, "Shikamoo bibi. Wajukuu zako ndio watakaofanya kazi hii uani kwako. Wewe ndiye utakayejua kama ndoo zimejaa. Wewe ndiye utakayeiona chupa ya soda isiyo na soda."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Marahaba. Basi niandikie ubaoni hilo neno hadina, nilijue nikiliona kwenye chupa."

Nikaliandika. Akalinakili kwenye daftari lake, herufi moja moja. Siku iliyofuata alilisoma mbele ya darasa bila kukosea. Wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 wazazi wetu walijifunza kuwa ulinzi wa afya huanza nyumbani. Kazi ya mikono nayo ni hivyo hivyo. Kusoma maandishi ya chupa ni kinga kama glovu.

MANENO MAPYA

Asetoni: maji makali ya kusafishia brashi. Hushika moto upesi.
Hadina: dawa ya kugandisha rezini. Ni hatari kwa macho.
Jelikoti: rezini nzito yenye rangi, ngozi ya nje.
Kabari: kipande kilichochongoka cha kupanulia upenyo.
Kalibu: chombo cha kukipa kitu umbo.
Madigadi: bati la gari linalofunika gurudumu.
Mfano: kitu kinachonakiliwa.
Rezini: maji mazito yanayoganda na kuwa magumu.
Tabaka: kitu kilicholazwa juu ya kingine.

MASWALI

1. Kwa nini bakuli hulowekwa kabla ya kutia ugali? Katika kazi ya kalibu, maji hayo yamechukuliwa na nini?
2. Taja vitu viwili vinavyounda faibaglasi.
3. Kwa nini chungu chenye shingo nyembamba hakifai kuwa kalibu ya kipande kimoja?
4. Fundi yule alipoteza jicho kwa sababu ya kukosa vitu gani viwili?
5. Una rezini gramu 400. Siku ni ya joto kali. Utatia hadina gramu ngapi?
6. Umetengeneza madigadi 5 kwa kalibu moja. Kalibu ilichukua kilo 4. Kila madigadi ilichukua kilo 2.3. Kwa wastani kila moja imechukua kilo ngapi, ukihesabu na kalibu?

MAJADILIANO

1. Tembeleeni gereji moja kijijini. Tazameni: je, maji ya kuoshea macho yapo? Watoto hucheza wapi? Dawa zimehifadhiwa katika chupa gani? Andikeni mliyoyaona.
2. Wakati wa kiangazi maji ni ya shida. Kikundi chenu kitafanya nini ili ndoo mbili za usalama zisichukuliwe kwa kupikia?
3. Katika kijiji chenu, ni kipande gani cha gari, bajaji au pikipiki kinachovunjika mara nyingi zaidi? Hesabuni kama kinastahili kutengenezewa kalibu.

KAZI YA NYUMBANI

Soma maandishi ya chupa au kopo moja la dawa lililopo nyumbani kwako, liwe la kupulizia mikorosho, la kuulia wadudu au la rangi. Andika katika daftari: jina la dawa, onyo lililoandikwa, na mahali inapowekwa. Kama chupa haina maandishi, usiifungue. Bandika karatasi uandike kwa herufi kubwa: HATARI, USINYWE. Kisha iondoe mahali watoto wanapoweza kufika.